Kumwosha Aliye Hai

Ziko khabari ambazo watu huzisema kwa sauti, na ziko ambazo huzisema kwa kunong'ona, na ziko nyingine ambazo hawazisemi kabisa. Khabari tunayoiandika leo ni ya namna hii ya tatu. Ni khabari ya mtu mzima, mume wa mtu na baba wa watu, ambaye akili yake imechakaa kwa maradhi hata akawa hawezi kuzuia haja ndogo wala kubwa. Na ni khabari ya mkewe, anayemwosha usiku na mchana. Twajua kuwa baadhi ya wasomaji wetu watasema: Haya si mambo ya kuandikwa. Twawaomba watuvumilie mpaka mwisho, kisha wahukumu. Kwani twaona kuwa kunyamaza kwetu ndiko kulikoyafanya mambo haya yakawa mazito kuliko yalivyo, na kuwa katika kunyamaza huko mna dhulma ambayo sisi wenyewe tumeishiriki.

Sisi tunaokutana katika darasa letu hapa Eldoret, wengi wetu asili yetu ni pwani. Kazi na biashara zimetuleta katika mji huu wa juu, wenye baridi, na humu tumezaa na humu tumezika. Katika jamaa zetu alikuwako, na yuko mpaka leo, mzee mmoja ambaye jina lake hatulitaji. Alikuwa fundi wa kushona, na jioni akiwasomesha watoto wetu juzuu. Kwa zaidi ya miaka thelathini mahali pake palikuwa safu ya mbele. Kwanza alianza kuuliza swali moja mara tatu kwa saa moja. Kisha akapotea njia ya kurudi kwake, njia ambayo haifiki hatua mia mbili. Kisha siku moja, katika mwezi wa Julai 2024, alisimama nasi kwa sala ya alasiri, na katika rakaa ya pili akakojoa juu ya zulia. Hakujua. Aliendelea kusimama, mikono kifuani, na kanzu yake imelowa mpaka miguuni.

Tuliyafanya yaliyopasa kufanywa. Zulia lilioshwa, na mzee akapelekwa kwake. Siku ya pili wawili katika sisi wakaenda kwa mkewe, wakamwambia kwa maneno laini kuwa ni afadhali mzee asiletwe tena msikitini. Yule mama akajibu, "Vyema, wanangu." Hakusema zaidi. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule mji wetu ukapewa hadhi ya jiji, watu wakashangilia, na kila mtu akaenda na shughuli zake. Ikapita miezi kumi pasiwe na mmoja wetu aliyebisha mlango wa yule mzee. Na tulipokumbushana khabari zake tulijiambia kuwa twamsitiri.

Aliyetufumbua macho ni mkewe, na hakuja kulalamika. Alikuja mwezi wa Mei 2025, mvua zimekolea, kuuliza mas-ala ya dini. Akasema, "Wanangu, nguo zangu zote zina najisi, na mashuka hayakauki kwa mvua hizi. Nikimaliza kumwosha, najikuta mimi mwenyewe si tahiri. Sijui kama nasali au nacheza. Naomba mniambie kama sala zangu zinasihi." Twaungama kuwa tulikuwa na jawabu ya fiqhi tayari ndimini. Lakini mmoja wetu aliutazama mkono wa yule mama, namna ulivyochubuka kwa sabuni, akashindwa kusema. Jawabu yake tutaieleza hapa chini. Kabla yake liko swali jingine ambalo yeye hakutuuliza, nalo ndilo tunalojiuliza: Katika miezi kumi ile, ni nani tuliyekuwa tukimsitiri?

Kwanza yafaa tujue haya ni maradhi gani, kwani ujinga ni nusu ya ukatili. Watu wetu humwambia mzee wa namna hii kuwa amerudi utotoni. Kauli hii ina upole ndani yake, lakini haina ukweli wote. Mtoto kila siku ajifunza. Huyu kila siku apungukiwa. Madaktari huyaita maradhi haya dimenshia, nayo yana sababu nyingi. Iliyo mashuhuri zaidi ni ile iliyoelezwa mwaka 1906 na daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, ambaye maradhi hayo yaliitwa kwa jina lake. Nyingine ni mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, jambo ambalo shinikizo la damu na kisukari hulizidisha. Shirika la Afya la Ulimwengu limekadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na maradhi haya duniani, na zaidi ya 60 katika kila mia wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama hizi zetu. Basi asidhani mtu kuwa haya ni maradhi ya Wazungu tu, wala kuwa ni uzee mtupu. Kwani wako wazee wa miaka tisini ambao akili zao ni kali kuliko zetu.

Na asiseme mtu kuwa ni uchawi. Twalisema neno hili kwa uchungu, kwa kuwa si neno la kupita tu. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Kisii, wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati kwa kutuhumiwa uchawi. Na katika Kilifi, mlangoni petu sisi watu wa pwani, wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma kama hizo. Hatusemi kuwa waliouawa walikuwa na maradhi haya. Twasema kuwa mzee atokaye usiku bila kujua aendako, asemaye peke yake, aingiaye nyumba ya jirani akidhani ni yake, ndiye wa kwanza kunyoshewa kidole. Na anayenyamaza hali anajua kuwa yule ni mgonjwa, ana sehemu yake katika dhambi.

Ama kushindwa kuzuia haja, nako kuna sababu zake. Pengine mgonjwa amesahau choo kiko wapi. Pengine amefika, lakini vifungo vya suruali vimemshinda. Pengine mwili wamwashiria, naye haifahamu tena ile ishara. Na mara nyingine sababu si maradhi ya akili hata kidogo, bali ni jambo lenye dawa: maradhi katika njia ya mkojo, kufunga choo kwa siku nyingi, sukari kupanda, tezi dume kwa wanaume, au dawa alizopewa kwa maradhi mengine. Kwa hiyo mtu akianza jambo hili kwa ghafla, haifai kusema ni uzee, bali apelekwe kwa daktari. Hapa Eldoret twayo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza kama hospitali ndogo, na leo ni katika hospitali kubwa za rufaa za nchi hii. Si haki mtu akae karibu nayo kisha aozee ndani kwa sababu jamaa zake waona haya kumwambia daktari neno "mkojo".

Sasa turudi kwenye swali letu. Neno sitara ni neno tukufu kwetu. Kusitiri aibu ya Mwislamu ni ibada, na kuifichua ni dhambi. Lakini twaona kuwa watu wengi, na sisi tukiwa wa mbele wao, wamechanganya mambo mawili. Kumsitiri mtu ni kumfunika yeye. Kujisitiri nafsi zetu tusimwone ni jambo jingine. Mwenye kumfunika mtu husogea karibu, kwa kuwa hawezi kumfunika akiwa mbali. Sisi tulisogea mbali, kisha tukauita umbali huo sitara. Mzee hakufunikwa na lolote. Kilichofunikwa ni macho yetu.

Tena na tuulize: hiyo aibu yenyewe ni ya nani? Aibu humfuata mwenye hiari. Mtu afanyaye ubaya hali aweza kuuacha, huyo ana aibu. Ama aliyeondokewa na akili, sharia yetu yasema kuwa kalamu imeinuliwa juu yake: haandikiwi kosa, wala sala aliyoiacha hadaiwi. Ikiwa Mwenyezi Mungu, mwenye haki ya kuhukumu, amemsamehe hata fardhi, basi sisi ni nani tumwandikie aibu kwa tone la mkojo? Yule mzee hakuwa na hiari siku ile juu ya zulia. Sisi ndio tuliokuwa na hiari, siku ile na kila siku iliyofuata. Basi aibu, ikiwa ni lazima iwe na mwenyewe, itafutwe kwa wenye hiari.

Huenda msomaji akatujibu: Je, msikiti uachwe unajisiwe? Hapana, wala hatusemi hivyo. Kuuhifadhi msikiti na najisi ni wajibu, na anayekhofiwa kuunajisi haifai kuingizwa. Neno lile waliloambiwa wale watu wa nyumba yake lilikuwa sahihi. Kosa letu ni kuwa tulikomea hapo. Hukumu ilimtoa mtu katika safu. Haikututoa sisi katika haki yake. Alipokuwa hawezi tena kuja kwetu, ilitupasa sisi twende kwake, na tulikuwa na miguu. Mara nyingi mtu huishika sharia kwa mkono mmoja apate kuusukuma mzigo kwa mkono wa pili, kisha hulala usingizi mzuri kwa kudhani ametii.

Wahenga wetu wa pwani wamesema kuwa aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Tumeifikiri sana mithali hii. Akifa mmoja wetu, hata awe fakiri asiye na jamaa, hatuna haja ya kuulizana nani atamwosha. Watu hutoka wenyewe. Wako wanaojua kuosha, yuko wa kukata sanda, wako wa kuchimba, na jeneza lina mabega zaidi ya linayoyahitaji. Kwani twajua kuwa jambo hili ni fardhi kifaya: wakilifanya baadhi, wengine wamesalimika, likiachwa, sote tuna dhambi. Na katika kumwosha maiti tuna adabu ambazo kila mtu azijua. Hufunikwa kati ya kitovu na magoti. Mwosha huuzungushia mkono wake kitambaa. Hawaingii ila wanaohitajika. Maji humiminwa kwa upole, kama kwamba yule asikia. Na kilichoonekana humo hakisemwi nje.

Basi yule mzee, siku atakayokufa, ataoshwa na watu watano, kwa maji mazuri na karafuu maiti, naye hana habari. Na leo, hali angali na ngozi inayosikia baridi, na macho yanayoogopa, huoshwa na mwanamke mmoja, mkongwe, peke yake, saa nane ya usiku. Ni akili gani hii tuliyo nayo? Kama heshima ya mwili wa Mwislamu hailegei kwa kufa, yawezaje kulegea kwa kuugua? Kama kumwosha asiyejua chochote ni fardhi ya jamaa nzima, imekuwaje kumwosha anayejua kidogo kuwe ni kazi ya mtu mmoja? Sisi hatukuwa na jawabu. Tulijaribu kuitafuta, na kila tuliyoipata ilikuwa ni udhuru tu.

Iko jawabu moja ambayo husemwa upesi, nayo ni hii: Yeye ni mkewe, na hiyo ndiyo kazi yake. Twataka kuichungua, kwani imekuwa ngao ya wanaume wengi. Katika madhehebu yetu ya Kishafi, kauli iliyo mashuhuri ni kuwa mke hawajibiki kwa mkataba wa ndoa kumtumikia mumewe kazi za nyumba. Anachokifanya katika hizo ni ihsani yake. Wako maulamaa wengine waliosema kuwa yampasa kwa kadiri ya dasturi. Lakini hata hao hawakusema kuwa ni dasturi mwanamke wa miaka sitini na zaidi amwinue mwanamume mzito mara nne kila usiku mpaka mgongo wake usiweze kunyoka kwa rukuu. Tena twawauliza wanaosema hivyo: lau angalikuwa mke ndiye aliyeugua, mngalimwambia mumewe kuwa hiyo ndiyo kazi yake? Sote twajua mngalimwambia nini. Mngalimwambia atafute mtumishi, au amwite dada wa mgonjwa, au aoe mke wa pili. Neno likiwa ni haki kwa mwanamke tu, na kwa mwanamume likawa ni mzigo usioweza kubebwa, basi neno hilo silo dini. Ni raha zetu tumezivika kilemba.

Hatupendi kufahamika vibaya. Mapenzi ya mke na mume katika mambo haya ni jambo tukufu, na kati yao hakuna utupu wa kufichana. Historia yetu yasimulia kuwa Asmaa binti Umais ndiye aliyemwosha mumewe, Khalifa Abu Bakr, alipofariki. Wala yule mama wa hapa hakutuambia hata mara moja kuwa ataka kumwacha mumewe. Lakini ihsani haikamuliwi. Mwenye kutoa hushukuriwa na husaidiwa. Hatazamwi kwa mbali kama mtu anayelipa deni.

Swali jingine ni zito zaidi, nalo ni la huyo mke mwenyewe, ajiulizapo usiku: Huyu hanijui tena. Huniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nikimvua nguo apata khofu, hunipiga, hudhani mimi ni mwizi. Je, huyu ndiye mume wangu? Na kama siye, mimi namhudumia nani? Wako watakaomkemea kwa kuuliza hivyo. Sisi hatumkemei. Twamwambia tulilolipata katika kufikiri kwetu, akilikubali ni kheri. Mtu akikuwekea amana, kisha akasafiri, amana ile haikupungua kwa kuwa mwenyewe hayupo kuiulizia. Bali hapo ndipo inapozidi, kwani alipokuwapo angaliweza kukudai, na sasa hakuna wa kukudai ila Mungu. Alipokuwa na akili yake, mtu huyu aliweka mikononi mwako heshima yake yote: njaa yake, maradhi yake, siri zake. Amesafiri, lakini amana ingali mikononi. Unamhudumia yule aliyekuamini. Yeye kutokukumbuka hakufuti kuwa alikuamini.

Na twaongeza hili, ili maneno yetu yasiwe matamu bure. Mwenye kubeba amana aruhusiwa kuchoka. Yule mama alituambia, akiwa ameinamisha uso, kuwa siku moja alimpiga mumewe kofi la mkono, kisha akalia mpaka alfajiri. Sisi hatumfanyi malaika, wala hatumtaki awe. Subira katika dini yetu si kunyamaza mpaka ufe. Nabii Ayubu, ambaye kwa subira yake apigiwa mfano, aliita na akaomba aondolewe shida yake. Basi kuomba msaada hakuitoi subira. Kinachoitoa subira ni kumwacha mtu mpaka mkono wake usimtii, kisha tukamhukumu kwa mkono huo.

Baada ya hayo, na tuseme yanayofaa kutendwa, kwani elimu isiyofika chumbani kwa mgonjwa haina baraka. Haya tumeyakusanya kwa waganga wa hospitali na kwa wake waliokwisha kuyapitia.

Mgonjwa apelekwe chooni kwa saa maalumu, kila baada ya saa mbili hivi, na baada ya chakula, na kabla ya kulala, wala asingojewe aombe. Mlango wa choo uachwe wazi na taa iwake usiku, ili akiutafuta auone. Avishwe nguo isiyo na vifungo vingi. Kikoi au suruali ya mpira kiunoni yatosha. Asinyimwe maji. Wengi hukosa hapa: humnyima maji ili asikojoe, nayo huzidisha maradhi ya njia ya mkojo, na hufunga choo, na huizidisha ile fadhaa ya akili. Anyweshwe mchana vya kutosha, na chai ipunguzwe jioni. Chini ya shuka kuwekwe mpira au nailoni, na juu yake matambara yaliyokunjwa. Kwani nepi za watu wazima ni nzuri, lakini bei yake haiwezwi na kila nyumba. Akichafuka aoshwe mara moja kwa maji ya vuguvugu, akaushwe kwa kubonyezwa wala si kwa kusuguliwa, kisha apakwe mafuta ya mgando, ili ngozi isichubuke. Ikionekana ngozi ina wekundu usioondoka, daktari aambiwe mapema.

Na asikemewe. Asiambiwe mbele ya watu, "Umejikojolea tena." Aambiwe kuwa nguo imelowa, tubadilishe. Neno hili ni la kweli, wala halimvunji. Kwani hata asahau maneno yote, sauti ya dharau huifahamu mpaka mwisho. Qurani imewakataza watoto hata neno dogo la kuchukizwa mbele ya wazazi waliokongeka, na kila aliyeshika nguo chafu ajua kwa nini likatajwa hilo dogo: kwa kuwa ndilo litokalo la kwanza.

Ama yule mama na mas-ala yake, hii ndiyo jawabu tuliyompa. Kugusa najisi hakuvunji udhu. Huoshwa pale ilipofika, basi. Kinachovunja udhu, katika madhehebu yetu, ni kugusa utupu kwa kiganja kitupu, na kugusana ngozi kwa ngozi kati ya mume na mke. Basi akivaa mipira ya mikono na mikono mirefu, atakuwa amejihifadhi na najisi, na mara nyingi udhu wake utabaki. Ajiwekee nguo moja ya sala, ining'inizwe mahali mbali, asiivae ila kwa sala. Akibanwa na kazi mpaka nyakati zikamshinda, maulamaa wana kauli za wepesi juu ya kukusanya sala kwa dhiki, nasi tumempeleka kwa shekhe wa kumwongoza. Na mgonjwa, maadamu akili imeondoka, hana deni la sala. Lakini akisikia adhana akataka kusimama, aachwe asimame kando ya mkewe juu ya mkeka uwezao kuoshwa. Huo ni ulimi wake wa mwisho kusahau.

Kisha tukamwambia: "Mama, sala zako zinasihi. Zilizo na shaka ni zetu."

Tangu siku ile tumejipangia zamu. Tumeugawa kati yetu usiku wa siku mbili kila wiki, watu wawili wawili, mwanawe mzee wa kwanza akiwamo, ili mama alale. Tunamwosha mzee kwa adabu zile zile tulizofundishwa za maiti: kitambaa juu ya kitovu mpaka magoti, kitambaa mkononi, na ulimi uliofungwa. Vijana wawili huchukua mashuka. Katika miezi ya mvua hukaushwa jikoni kwa mmoja wetu, juu ya kamba, penye moto wa makaa. Kila Ijumaa baada ya sala watatu au wanne hukaa naye barazani. Huwa hatujui. Lakini tukianza juzuu aliyokuwa akiwasomesha watoto, midomo yake huifuata, na tukikosea huinua kidole.

Hatulisemi hili kwa kujisifu, kwani ni haki iliyocheleweshwa miezi kumi. Twalisema kwa ajili ya ndugu zetu wa Mombasa, na Lamu, na Malindi, na kila mji ambao msikiti wake una mtu aliyekuwa safu ya mbele kisha akatoweka. Katiba ya nchi hii ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, imewapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, na kutunzwa na jamaa zao na dola. Ni neno zuri, na dola idaiwe sehemu yake. Lakini dola haitabisha mlango wa jirani yako saa nane ya usiku. Wewe ndiye unayekaa karibu.

Basi ndugu msomaji, ikiwa katika mtaa wako yuko mzee ambaye watu wameacha kumtaja, usingoje kusikia tangazo la maziko ndipo uende na maji. Nenda leo. Na ukifika, usimuulize mkewe kama yataka msaada, kwani atakujibu kuwa hapana, kwa haya. Muulize mashuka yako wapi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhi na umri unaorudi nyuma, kama alivyomwomba Mtume wake, rehema na amani zimshukie. Na ikiwa umetuandikiwa, atujaalie mikono ya upole juu yetu, na atuwezeshe kuwa mikono hiyo juu ya wenzetu kabla ya siku yetu. Amin.